Tom Campbell Black: Rubani wa Nairobi aliyefika Melbourne kwa saa 71

Ukiwa Machakos na usikie kandege kakinguruma juu ya vilima vya Mua, huenda kametoka Wilson, Nairobi. Basi hebu nikujuze Tom Campbell Black.

Mwingereza huyu alikuwa rubani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akaja Kenya kulima kahawa. Shamba halikumshika. Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways mwaka 1929, jamaa ndiye aliyemrushia ndege. Ni yeye pia aliyemfunza Beryl Markham urubani, enzi ambazo mwanamke kushika usukani wa ndege ilionekana kioja.

Oktoba 1934, yeye na C.W.A. Scott waliingia mbio za ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne, zaidi ya kilomita 18,000. Walirusha DH.88 Comet nyekundu, ya mbao. Wewe fikiria: hakuna GPS, usingizi ni wa kuibia, halafu karibu na Australia injini moja inaanza kuleta shida! Walishinda kwa saa 71 hivi. Si mchezo.

Mapema Septemba 1936, Beryl alivuka Atlantiki peke yake. Wiki mbili baadaye, mwalimu wake alikuwa uwanjani Liverpool, magurudumu yakiwa bado chini, ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitua ikamgonga. Alikufa akiwa na miaka 36, siku kumi tu kabla ya mbio za kwenda Johannesburg.

Comet ile ingalipo, imetunzwa Shuttleworth, Uingereza.