Dakta Krapf, Mwanafunzi wa Kadhi

Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini wako wageni ambao wenyeji huwapokea, wakawalisha na kuwafundisha, kisha dunia ikamkumbuka mgeni peke yake na kuwasahau waliompokea. Hayo ndiyo yaliyompata Dakta Ludwig Krapf na mji wa Mombasa. Jina lake lajulikana na kila aliyepita darasa la historia katika Kenya. Walimu wake hapa Mvita ni wachache wanaowataja.

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani, ukashika upande wa kulia kuelekea Mkomani mpaka pale panapoitwa English Point, utakuwa umesimama juu ya ufuko unaotazamana na Mji wa Kale. Pwani hiyo ndiyo iliyo na kaburi la mke wa Krapf na mtoto wake, pamoja na ukumbusho wa Krapf mwenyewe. Wapita njia wengi hudhani kuwa Krapf naye amezikwa hapo. Sivyo. Yeye alikufa mbali sana na bahari yetu, na maisha yake nataka kuyaeleza leo, kwa kuwa naona yanatuhusu sisi Waislamu wa pwani zaidi ya vile tulivyozoea kufikiri.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, nchi ya Württemberg ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Kijana huyu alikuwa hodari wa lugha tangu shuleni, akajifunza Kilatini, Kiyunani na Kiebrania. Akasomea kazi ya kuhubiri dini ya Kikristo huko Basel katika Uswisi, na baadaye akaingia katika chama cha Waingereza cha Church Missionary Society, kile ambacho watu wa pwani walizoea kukiita C.M.S.

Hakutumwa kwetu kwanza. Mwaka 1837 alielekea Uhabeshi, akakaa huko miaka kadhaa, hasa katika nchi ya Shoa. Hapo ndipo alipowajua Waoromo, ambao zama hizo wageni waliwaita Wagala, akaijifunza lugha yao. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich mjini Alexandria, nchi ya Misri. Aliporudi na mkewe akakuta njia ya Shoa imefungwa, na katika safari hizo za taabu mtoto wao wa kwanza akazaliwa kabla ya wakati na kufa. Krapf akapata fikira nyingine: ikiwa mlango wa kaskazini umefungwa, huenda Waoromo wakafikiwa kwa kuingia bara kutoka pwani ya Waswahili. Kwa hiyo, Mombasa kwake ilikuwa mlango tu wa kupitia. Mungu alipanga vingine.

Waliondoka Aden kwa jahazi mwezi wa Novemba 1843, na mwanzoni mwa 1844 wakafika Unguja. Huko Sayyid Said bin Sultan alimkaribisha kwa heshima, akampa barua kwa maliwali wake wa mwambao, kuwaarifu kwamba mtu huyu ni mwema na asaidiwe popote aendapo. Hebu tulipime jambo hilo. Mtawala wa Kiislamu anamwandikia padri barua ya ulinzi, hali akijua kazi yake ni ipi. Kwa barua hiyo Krapf na mkewe walihamia Mombasa mwezi wa Mei 1844, wakapata nyumba mjini, na hakuna aliyewagusa.

Ilikuwa ni miaka saba tu tangu Wamazrui kuondolewa katika Ngome, na mji ulikuwa chini ya liwali wa Sayyid. Thenashara Taifa walikuwa wangali na mashehe wao na mabaraza yao. Katika mji huo wa misikiti na vyuo, mgeni aliyetaka kujua Kiswahili barabara hakuwa na pa kwenda ila kwa wanazuoni. Na huko ndiko alikokwenda. Mwezi wa Juni 1844 Krapf alianza kutia katika Kiswahili kitabu cha Mwanzo kilichomo katika Taurati, na aliyekaa naye kumwongoza maneno alikuwa Sheikh Ali bin Muhiddin, mtu wa asili ya Barawa, kadhi wa Mombasa.

Nawaomba wasomaji wasilipite upesi jambo hili. Kadhi hakuogopa. Habari za Nabii Adam, za Nabii Nuhu na safina, za Nabii Ibrahim na za Nabii Yusuf na ndugu zake hazikuwa ngeni kwake, kwani azijua katika Qurani tukufu. Alikuwa na imani yake imara na elimu yake tele, na kwa hiyo aliweza kumfundisha mtu wa dini nyingine bila ya kutetereka. Mwenye ghala haogopi kumpimia jirani pishi moja.

Lakini mwaka huo haukumalizika kwa furaha. Mwezi wa Julai homa iliingia nyumbani mwa Krapf. Yeye mwenyewe alilala kitandani hajiwezi, na mkewe, ambaye ndio kwanza amejifungua mtoto wa kike, alishikwa na homa hiyo hiyo. Rosine alifariki tarehe 13 Julai 1844. Alizikwa ng'ambo, katika bara iliyokabili mji, na siku chache baadaye kichanga naye akafuata na kulazwa karibu na mama yake. Krapf alikuwa hajatimiza miezi mitatu tangu kufanya makao Mombasa. Mtu mwingine angepanda jahazi la kwanza akarudi kwao. Yeye alibaki, na nadhani hata asiyekubaliana na kazi yake hawezi kumnyima sifa ya subira.

Mwezi wa Juni 1846 alikuja mwenziwe, Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye. Mwaka huo huo wakahamia Rabai, kwa ruhusa ya wazee wa Kirabai. Toka hapo ndipo walipoanza zile safari zilizowapatia sifa Ulaya. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake, na tarehe 3 Disemba 1849 Krapf akiwa Kitui, katika nchi ya Wakamba, aliuona mlima Kenya. Huko Ulaya mabingwa waliokaa vitini mwao waliwacheka, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wakamba na Wachaga, pamoja na wafanyi biashara wa misafara kutoka Mombasa, walikuwa wakiijua milima hiyo zamani sana. Kwa hiyo, tukisema Krapf aliuvumbua mlima Kenya, tunasema neno lisilo na maana. Yeye aliwapelekea habari wale waliokuwa hawajui.

Safari yake ya pili Ukambani, mwaka 1851, karibu imtoe roho. Kivoi, mkubwa wa Wakamba aliyekuwa mwenyeji wake, aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, na wafuasi wakatawanyika. Krapf akabaki nyikani peke yake, akitembea usiku na kujificha mchana, na maji yake ya kunywa akayatia ndani ya mtutu wa bunduki. Akarudi Rabai mifupa mitupu.

Na mafanikio ya kazi aliyojia yalikuwa kiasi gani? Kidogo sana. Miaka ilikwisha, na walioingia dini yake katika siku zake walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mmoja wa mwanzo alikuwa Mringe, mtu wa Kimijikenda aliyekuwa kilema, ambaye alibatizwa akiwa katika kufa. Katika mji wa Mombasa watu walimsikiliza, wakajadiliana naye barazani, kisha adhana ilipolia wakaenda zao msikitini. Afya ilipomvunjika kabisa, mwaka 1853, Krapf akarudi Ulaya. Alikuja tena pwani mwanzoni mwa miaka ya 1860 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha makao yao Ribe, na mwaka 1867 akafuatana na jeshi la Waingereza kwenda Magdala, Uhabeshi, kama mkalimani, lakini hakuweza kumaliza safari. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881 huko Korntal, karibu na Stuttgart, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Sasa nafika penye kiini cha maneno yangu. Krapf alikuja kufundisha, lakini kilichobaki cha maana katika kazi yake ni yale aliyofundishwa. Mwaka 1850 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na mwaka 1882, yeye akiwa kaburini, kamusi yake kubwa ilichapishwa London. Kamusi hiyo imejaa maneno ya Mombasa, ya baharini na ya shambani, ya vyombo na ya ada za watu. Wakati wa wakoloni, ilipoamuliwa kuwa Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kilisukumwa kando, na wengi wetu tuliambiwa shuleni kwamba kusema ndia na mtanga ni makosa, tuseme njia na mchanga. Mtu akitaka leo kujua wazee wa Mvita walivyosema katika karne ya 19, hana budi kumrudia Krapf. Na akimrudia Krapf, kwa kweli anawarudia wale waliokuwa wakimjibu maswali yake.

Jambo la pili ni la ajabu zaidi. Krapf alichukua pamoja naye hati za tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1854 zikapelekwa katika hazina ya vitabu huko Halle, Ujerumani. Mojawapo ni ule Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Bwana Mwengo, unaoeleza vita vya Waislamu katika zama za Mtume Muhammad, sala na salamu zimshukie, na mfalme wa Warumi. Mhubiri wa Kikristo ndiye aliyeuhifadhi utenzi wa kuusifu ushujaa wa Waislamu! Karatasi ngapi za namna hiyo zimeliwa na mchwa na unyevu katika masanduku ya nyumba zetu, wakati zile za Halle ziko salama?

Lakini haki ni kusema na upande wa pili. Krapf ndiye mmoja wa wale waliosisitiza mapema kwamba Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi, wala sababu yake haikuwa ya elimu tupu. Alihofu kwamba herufi za Kiarabu zingeufungulia Uislamu njia ya kuingia bara. Shauri hilo lilikuja kushinda. Mimi naandika makala haya kwa herufi hizo, nawe wayasoma kwa hizo, na watoto wetu wengi hawawezi kusoma barua ya babu wa baba zao. Hali kadhalika, ramani na habari za safari zake ziliwafaa watu waliokuja baadaye kuitwaa nchi, ingawa yeye hakuishi kuyaona hayo.

Matunda mengine ya kazi yake yako papo hapo Kisauni. Baada ya mkataba wa 1873 wa kufunga masoko ya watumwa, C.M.S. walianzisha kijiji cha Freretown mwaka 1875, wakawaweka watumwa waliookolewa baharini. Kengele yao ingali hapo, na kituo cha magari karibu na Kongowea chaitwa Kengeleni mpaka leo. Kwa hiyo, katika mwendo wa maili chache za bara moja, mna Kongowea, jina la kale lililotajwa na washairi wetu kama jina la Mombasa yenyewe, mna Kengeleni, na mna kaburi la Mkomani. Misikiti na makanisa yametazamana hapo kwa miaka mingi, na watu wamezikana na kupeana mkono wa idi.

Kumbukumbu ya Mkomani haifai kuachiwa watalii peke yao. Walimu wa shule na wa madrasa za Kisauni, Likoni na Changamwe wangefanya vyema kuwapeleka watoto pale, wakawaonyesha mji ng'ambo ya maji, wakawaeleza kisa chote, utamu wake na uchungu wake. Nami ningependa wakuu wa mji, pamoja na wenye kazi ya kuhifadhi mambo ya kale, waweke hapo maandishi ya Kiswahili yatakayomtaja Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa, kuwa mwalimu wa Dakta Krapf. Hilo halitampunguzia mgeni heshima yake. Litamrudishia mwenyeji ya kwake, na mtoto wa Kisauni atakayeyasoma maandishi hayo atajua kwamba babu zake hawakuwa watu wa kungoja kufundishwa. Walikuwa na elimu, nao waliigawa.