Louis Leakey na Picha ya Korongo Lingine



Likizo iliyopita, tukiwa Kharumwa, kijana mmoja wa kwaya alitufuata baada ya misa akiwa na simu mkononi. Alituonyesha video ya sekunde chache: mwanga mweupe juu ya kilima unasimama, unayumba, kisha unapotea. Wenzake walikuwa wamekwisha kubishana. Huyu anasema ni UFO, yule anasema ni wachawi na ungo wao, mwingine anasema ni droni. Ubishi huo ungeishia hapo, ila aliyesambaza video hiyo alijiita mtafiti, akaandika kwamba mwanga wa namna ile huonekana penye dhahabu. Vijana wawili walikuwa tayari kuchanga fedha wakafungue duara chini ya kilima. Sasa mafrateri wanaosoma falsafa tuseme: ni kweli au si kweli?

Mambo haya si mageni kwetu. Tarehe 19 Februari 1951, rubani na abiria wa ndege ya East African Airways iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa walisema wameona kitu king'aacho juu ya Kilimanjaro, na abiria mmoja akakipiga filamu. Lakini aliyetusaidia kufikiri siku ile hakuwa mtu wa sahani za angani. Alikuwa mchimbaji wa mifupa, ambaye picha ilimwangusha kwanza, na miaka mingi baadaye ikamsimamia.

Louis Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, Kenya, mtoto wa wamisionari wa Kianglikana. Alikua na watoto wa Kikuyu, akakijua Kikikuyu kama mwenyeji, na ujanani aliwaza kuwa mmisionari kama baba yake. Alisoma Cambridge. Mwaka 1924 alifika Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, kwenye msafara wa kuchimba mifupa ya dinosaria, na tangu hapo akazama kwenye historia ya kale ya binadamu. (Waamini wanaotuuliza kama utafiti huo unapingana na imani, tunawakumbusha kwamba Papa Pius XII, mwaka 1950, aliruhusu wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa binadamu.)

Mwaka 1931 alikwenda Olduvai pamoja na Hans Reck, Mjerumani aliyekuwa amechimbua pale mifupa ya mtu mwaka 1913. Leakey hakuwa na hakika kwamba mifupa ile ni ya kale kama Reck alivyodai. Alipofika mahali penyewe akageuka, akatia saini yake pamoja na Reck. Wataalamu wengine walipochunguza udongo, ikabainika kuwa ni mtu wa baadaye sana aliyezikwa ndani ya tabaka la kale. Leakey akakubali kwamba amekosea.

Pigo kubwa lilikuwa bado njiani. Mwaka 1932, huko Kanam na Kanjera karibu na Ziwa Victoria upande wa Kenya, timu yake ilipata kipande cha taya na vipande vya mafuvu. Leakey akatangaza kwamba ni mabaki ya binadamu wa kale kabisa, na mwaka uliofuata mkutano wa wataalamu ulioketi Cambridge ukampokea vizuri. Profesa mmoja wa jiolojia, Percy Boswell, hakuridhika. Januari 1935 akasafiri hadi Kenya, akamwomba Leakey amwonyeshe mahali.

Leakey hakuweza. Vigingi vya chuma alivyokuwa amepigilia kama alama vilikuwa vimeng'olewa. Inasemekana wenyeji walivitumia kutengenezea ndoana na mikuki. Ramani nzuri ya eneo lile haikuwepo. Picha zake mwenyewe ziliharibika kwa hitilafu ya kamera, naye akawa ametumia picha iliyopigwa na mwenzake. Ikaja kugundulika kwamba picha iliyoonyeshwa London kama ya Kanam ilikuwa ya korongo lingine. Machi 1935 Boswell akayaandika hayo yote katika jarida la Nature.

Tunaona ni haki kusema kwamba Leakey hakuwa tapeli. Picha haikuchezewa; ilikuwa picha halisi ya mahali halisi, ila si mahali palipotajwa. Mtu wa Kharumwa anaelewa haraka kuliko msomi wa Cambridge: jiwe linaweza kuwa na dhahabu kweli, lakini usipoweza kusema limetoka duara gani, nani atachimba kwa maneno yako? Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwake. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika vilevile, akamwoa Mary Nicol, mchoraji na mchimbaji makini kuliko yeye.

Mwaka 1959 wakarudi Olduvai. Walikuwa wamepatana na mpiga filamu, Des Bartlett, aje arekodi uchimbaji tangu mwanzo. Tarehe 17 Julai, kabla hajafika, Louis akiwa amelala kambini na homa, Mary aliona mfupa wa fuvu umejitokeza ardhini. Alirudi kambini mbio kumwita mumewe. Mtu mwenye uchu wa sifa angeng'oa fuvu siku ileile. Wao walilifunika, wakamsubiri mwenye kamera, ndipo likatolewa kidogo kidogo, mfupa na udongo wake vikionekana pamoja. Mwaka 1961 wataalamu wa Berkeley walipima miamba ya volkano ya pale, wakapata umri wa miaka 1,750,000 hivi. Leo fuvu hilo lipo Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Sifa hizo hazikumkinga na kosa. Awali alidhani mwenye fuvu lile ndiye aliyetengeneza zana za mawe za Olduvai, kisha ugunduzi wa timu yake mwenyewe ukambadilisha mawazo. Na katika miaka ya 1960 alitetea mawe ya Calico, California, kuwa zana za watu wa kale mno. Wataalamu wengi hawakukubali, na Mary mwenyewe alikataa. Jina kubwa halikuyageuza mawe yale kuwa zana. Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru, Kenya, karibu na wazazi wake.

Kijana wa kwaya tulimwuliza mawili tu: ni kilima gani, na nani aliyekuwa ameshika simu? Akampigia aliyemtumia, naye akampigia wa kwake. Yule mtafiti aliandikiwa ujumbe, akausoma, hakujibu. Hadi tunapanda basi kurudi seminari hakuna aliyekuwa amekitaja kilima, na fedha za duara zilikuwa bado mifukoni mwa wenyewe.