John Kirk na Sumu ya Kombe

Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Umatengo, mashariki ya Ziwa Nyasa, ukaenda kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Ziwa Nyasa nalo hutoa maji yake upande wa kusini kwa njia ya Mto Shire, ambao hujiunga na Zambezi. Ikiwa unaishi Mbinga, Liuli au Mbamba Bay, ziwa hili na Mto Ruvuma ni majirani zako. Katika somo hili utasoma habari za tabibu mmoja aliyesafiri katika maji hayo zaidi ya miaka 150 iliyopita, na habari za mmea ambao wawindaji waliujua kabla yake.

Tabibu huyo ni John Kirk. Alizaliwa mwaka 1832 huko Barry, katika nchi ya Uskoti. Alisomea utabibu katika mji wa Edinburgh, na tangu ujana wake alipenda sana elimu ya mimea. Mwaka 1858 alifuatana na David Livingstone katika safari ya Mto Zambezi. Kazi yake ilikuwa kuwatibu wasafiri, kukusanya mimea na kuandika habari zake.

Mwezi wa Septemba 1859 Kirk aliliona Ziwa Nyasa kwa mara ya kwanza, upande wa kusini. Mwaka 1861 alirudi kwa mashua akapita ufuko wa magharibi, ambao leo umo katika nchi ya Malawi. Ufuko wa Liuli na Mbamba Bay ulikuwa ng'ambo ya pili ya maji. Mwaka 1861 na 1862 wasafiri hao walijaribu pia kupanda Mto Ruvuma kutoka baharini, lakini maji haba na miamba viliwarudisha nyuma.

Karibu na Mto Shire, Kirk aliwaona wawindaji waliopaka sumu katika mishale yao. Sumu hiyo iliitwa kombe. Usidhani kuwa ni kombe la kunywea. Hilo ni jina la mmea katika lugha za huko. Mnyama aliyechomwa kwa mshale wenye kombe hakwenda mbali. Kirk alitaka kuujua mmea wenyewe, lakini wawindaji hawakutaka kuitoa siri yao kwa mgeni. Kila alipouliza, walimpa mmea mwingine. Siku moja, katika kijiji cha Chibisa, aliuona mwenyewe. Wawindaji walipoona kwamba ameujua, walikubali kuwa ndio huo.

Kombe ni mmea utambaao juu ya miti mingine. Petali za ua lake zina ncha ndefu nyembamba zilizosokotwa kama kamba na kuning'inia chini. Matunda yake hukaa mawili mawili, nayo yakikauka hupasuka. Mbegu zake zina manyoya laini, hivyo hupeperushwa na upepo. Sumu imo katika mbegu hizo.

Wakati wa safari hizo jambo la ajabu lilitokea. Mswaki wa Kirk ulikuwa umewekwa mfukoni pamoja na kombe kidogo. Alipopiga mswaki alisikia uchungu mdomoni, lakini akadhani ni uchungu wa dawa ya kwinini, kwa sababu mara nyingine alitumia mpini wa mswaki huo kuchotea kwinini. Siku hiyo alikuwa na mafua, na mapigo ya moyo wake yalikuwa ya haraka. Mara yakapungua. Mtu mwingine angeshukuru tu kwamba amepona. Kirk alijiuliza: je, kitu kinachousimamisha moyo wa mnyama kinaweza, kwa kiasi kidogo sana, kuutuliza moyo wa mgonjwa?

Swali hilo hakuweza kulijibu kambini. Kwa hiyo alipeleka mimea hiyo katika Bustani ya Mimea ya Kew, karibu na London. Huko mtaalamu Daniel Oliver aliupa mmea jina la kitaalamu, Strophanthus kombe, akalihifadhi lile jina la wenyeji. Mjini Edinburgh, tabibu Thomas Fraser aliijaribu sumu hiyo katika vyura, na mwaka 1870 alieleza kwamba huugusa moyo hasa. Alitenga kutoka katika mbegu kitu chenye nguvu hiyo, akakiita strofanthini. Mwaka 1885 aliwaeleza matabibu wenzake jinsi inavyoweza kuwasaidia wagonjwa ambao mioyo yao imedhoofika. Baadaye dawa hiyo ilitumika katika hospitali nyingi. Ilitakiwa ipimwe kwa uangalifu mkubwa, kwa maana kiasi kiponyacho kipo karibu sana na kiasi kiuacho.

Lakini je, strofanthini ni kitu kimoja? Kwa macho haiwezekani kujua. Fikiri jinsi mama apepetavyo nafaka penye upepo: makapi mepesi huruka mbali, na punje nzito huanguka karibu. Mashine iitwayo spektrometa ya masi hufanya kazi inayofanana na hiyo. Huzipa molekuli chaji ya umeme na kuzisukuma. Zilizo nyepesi huenda tofauti na zilizo nzito, na kwa njia hiyo masi ya kila moja hujulikana. Mwingereza Francis Aston alitengeneza chombo cha namna hiyo mwaka 1919, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1922.

Tukihesabu atomu ya haidrojeni kuwa 1, molekuli ya maji ina masi ya 18. Katika mbegu za kombe zimo molekuli zenye masi ya 548, 710 na 872. Toa 548 katika 710. Kisha toa 710 katika 872. Kila mara utapata 162. Hiyo ni masi ya sukari iitwayo glukosi, yenye 180, ikiwa imepoteza maji ya 18 wakati wa kuungana. Basi molekuli hizo ni ndugu, na kila moja imemzidi mwenzake kwa glukosi moja. Kwa njia hiyo hiyo wanasayansi wa leo huchunguza mimea ili kutambua vitu vinavyopunguza uvimbe na maumivu.

Kirk alikwenda Unguja mwaka 1866, na baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza. Wakati huo watu wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa walikuwa wakitekwa na kupelekwa Kilwa na Unguja kuuzwa. Mwaka 1873 Kirk alisimamia mapatano na Sultani Barghash, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Alikufa Uingereza mwaka 1922.

Jina la Kirk limeandikwa vitabuni. Majina ya wawindaji wa Shire hayakuandikwa. Hata hivyo, wao ndio waliojua kwanza kwamba kombe hugusa uhai. Kirk aliongeza kuangalia, kuuliza na kuhifadhi; Fraser akaongeza kujaribu; mashine zikaongeza kupima. Wewe pia unaweza kuanza kwa kuwauliza wazee majina ya mimea ya kwenu na kuyaandika. Lakini usionje kamwe mmea usioujua.

Maswali

1. Kwa nini Kirk hakuutambua upesi uchungu wa kombe mdomoni?
2. Sumu ya kombe imo katika sehemu gani ya mmea?
3. Eleza jinsi kupepeta nafaka kunavyofanana na kazi ya spektrometa ya masi.
4. Molekuli nyingine ya jamii hiyo ingezidi ile ya 872 kwa glukosi moja, masi yake ingekuwa ngapi?