Wilfred Rhodes, Fundi wa Mkono wa Kushoto

Katika jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, karibu na mji wa Huddersfield, kuna kijiji kiitwacho Kirkheaton. Kijiji hicho ni kidogo, lakini kilitoa wachezaji wawili wa kriketi ambao sifa zao zilienea mbali sana. Wa kwanza ni George Hirst, aliyezaliwa mwaka 1871. Wa pili ni Wilfred Rhodes, aliyezaliwa tarehe 29 Oktoba 1877, na huyu ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake.

Rhodes hakuwa mtoto wa tajiri. Alipokuwa kijana alipata kazi katika karakana ya garimoshi huko Mirfield. Lakini moyo wake ulikuwa katika kriketi, na kwa kutaka kuwahi mchezo siku moja ya Jumamosi aliipoteza kazi ile. Ndipo akaenda Galashiels, katika nchi ya Scotland, akachezea klabu ya huko kwa mshahara miaka ya 1896 na 1897.

Wakati wa baridi kriketi haichezwi Uingereza, lakini yeye hakupumzika. Baba yake alimtengenezea mahali pa kujizoeza ndani ya banda, naye akapaka rangi upande mmoja wa mpira apate kuona jinsi unavyozunguka hewani.

Kwa wale wasioujua mchezo huu, nitaeleza kidogo. Mrushaji humtupia mpigaji mpira, akijaribu kuvipiga vijiti vitatu vilivyo nyuma yake, au kumfanya aupige vibaya mpaka udakwe. Akimtoa mpigaji mmoja, husemwa kuwa amepata wiketi moja. Warushaji wengine hutegemea nguvu na mbio. Rhodes alirusha polepole kwa mkono wa kushoto, akiuzungusha mpira kwa vidole. Mpira ulikwenda juu, ukaanguka mapema kuliko mpigaji alivyodhani, na ulipokwisha kugusa chini ukageuka kwenda kando. Waliomdharau kwa upole wa mpira wake walijuta.

Mwaka 1897 alijaribu kupata nafasi katika timu ya Warwickshire, asichukuliwe kwa kuwa fedha zao zilikuwa haba. Mwaka ule ule Yorkshire walimwondoa Bobby Peel, mrushaji wao mkuu wa mkono wa kushoto, na pengo likawa wazi. Rhodes akaingia mwaka 1898, na mwaka huo wa kwanza akapata wiketi 154. Mwaka 1899 akaitwa kucheza na Australia katika mji wa Nottingham. Nahodha wake siku hiyo alikuwa mzee W. G. Grace, mwenye umri wa miaka 50, na huo ulikuwa mchezo wa mwisho wa Grace katika timu ya taifa. Mwaka 1902, huko Birmingham, Waaustralia wote walitolewa kwa mbio 36 tu, na Rhodes peke yake aliwatoa wapigaji 7 kwa mbio 17.

Hapo mtu mwingine angetosheka. Lakini Rhodes alikuwa akipiga mwisho kabisa, wa 11, mahali pa mtu asiyetegemewa kwa gongo, na hali hiyo hakuikubali. Akajifunza kupiga. Huko Sydney, Desemba 1903, yeye na R. E. Foster waliongeza mbio 130 kwa wiketi ya mwisho. Akapanda ngazi moja moja, hata mwaka 1912 katika mji wa Melbourne alifungua mchezo pamoja na Jack Hobbs, nao wakafanya mbio 323 kabla hajatoka hata mmoja wao. Yule wa 11 amekuwa wa kwanza!

Kisha ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo mrushaji wa Yorkshire aitwaye Major Booth. Hilo Major ni jina lake, si cheo. Yorkshire wakapungukiwa na warushaji. Rhodes, ambaye sasa alikuwa na miaka 41, akaurudia ufundi wake wa ujana, na mwaka 1919 akapata wiketi 164.

Jambo moja yafaa tulikumbuke. Siku zile wachezaji wa mshahara hawakuhesabiwa sawa na mabwana waliocheza bila malipo. Katika viwanja vingi walikuwa na vyumba vyao mbali na mlango wao mbali, na unahodha ulikuwa wa mabwana. Kwa hiyo Rhodes, ambaye ujuzi wake uliwashinda wengi, hakufanywa nahodha wa Yorkshire. Hakuacha kazi kwa sababu hiyo.

Mwaka 1926, akiwa na miaka 48, aliitwa tena kucheza na Australia katika uwanja wa Oval, London. Tangu 1912 Uingereza ilikuwa haijawashinda Waaustralia katika mashindano yao. Rhodes akatoa wapigaji 4 kwa mbio 44 katika zamu ya mwisho, na Uingereza ikashinda. Mchezo wake wa mwisho wa taifa ulikuwa Kingston, Jamaica, mwaka 1930, naye amepita miaka 52. Hakuna mzee kuliko yeye aliyecheza mchezo wa namna hiyo. Wiketi zake zote zilikuwa 4,204, na mpaka leo hapana aliyezifikia.

Alipostaafu alifundisha kriketi katika shule ya Harrow, kama Hirst alivyofundisha Eton. Hivyo vijana wawili wa Kirkheaton wakawa walimu wa watoto wa wakubwa.

Kisha macho yake yakaanza kufifia, na miaka ya 1950 ilipoanza akawa kipofu kabisa. Hata hivyo aliendelea kwenda uwanjani. Alikaa kimya akisikiliza mlio wa mpira juu ya gongo, na kwa mlio huo akaufuata mchezo. Aliishi hivyo miaka mingi, mpaka alipofariki tarehe 8 Julai 1973, mwenye umri wa miaka 95.

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Rhodes alifukuzwa kazi, akakataliwa, akanyimwa unahodha, na mwisho akanyang'anywa macho. Kila mara alitafuta koleo jingine. Nawe ndugu msomaji, ambaye jina lako halikuonekana kwenye orodha ya timu muhula huu, usiutupe mpira wako. Tafuta banda, upake rangi upande mmoja, uanze.