George Frideric Handel: Mtunzi Aliyetuachia "Haleluya"



Kila Majilio yanapokaribia, kwaya yetu hutoa karatasi za "Haleluya" na mazoezi ya jioni huanza. Katika Jubilei hii ni vyema tumfahamu aliyeutunga wimbo huo.

George Frideric Handel alizaliwa tarehe 23 Februari 1685 mjini Halle, Ujerumani. Baba yake, kinyozi na mpasuaji, alitaka mwanawe asomee sheria, lakini moyo wa kijana ulikuwa kwenye muziki. Alipiga kinanda kanisani, akaenda Hamburg, kisha Italia, na hatimaye akahamia London.

Huko alisifika sana kwa opera zake. Lakini mwaka wa 1737 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Alipona, ila watu walikuwa wamezichoka opera zake na hasara ikamwandama.

Mwaka wa 1741 rafiki yake Charles Jennens alimpa maneno aliyoyakusanya kutoka Biblia. Handel alianza kutunga tarehe 22 Agosti na kumaliza tarehe 14 Septemba, siku 24 tu. Kazi hiyo ni Messiah. Inaanza na unabii wa Isaya tunaousoma wakati wa Majilio, inafika kwa wachungaji na malaika, kisha msalabani na kwenye ufufuo. "Haleluya" haimo katika sehemu ya Krismasi. Inafunga sehemu ya pili, baada ya mateso na ushindi wa Kristo. Kwa hiyo tunapoiimba Desemba tunakiri kwamba Mtoto wa horini ndiye Mfalme.

Iliimbwa hadharani mara ya kwanza mjini Dublin, tarehe 13 Aprili 1742. Wanaume waliombwa waache panga zao nyumbani ili watu wengi waenee ukumbini. Mapato yalikwenda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakaachiliwa. London ilipoisikia mwaka uliofuata, wengi hawakuifurahia. Handel hakukata tamaa. Kuanzia 1750 iliimbwa kila mwaka kuchangia makao ya watoto waliotelekezwa, na katika wosia wake aliyaachia makao hayo nakala ya muziki wenyewe.

Miaka yake ya mwisho alikuwa kipofu, lakini hakuacha kinanda. Alifariki tarehe 14 Aprili 1759, Jumamosi Kuu, akazikwa Westminster Abbey.

Wapendwa, tumewahi kununiana kwa sababu ya sare, au kwa nani aongoze wimbo. Wimbo huu uliwafungulia watu milango ya gereza. Krismasi hii, kabla ya soprano, alto, teno na besi kusimama, kila mmoja wetu ajiulize: ni nani atakayepata nafuu kwa sababu sisi tuliimba?

Heri ya Jubilei.

Katibu wa Kwaya