Umaskini hauondolewi kwa karamu: Somo la Umar bin Abdul-Aziz

Kila ninapofundisha tarekh ya Kiislamu, wanafunzi huniuliza jambo moja kuhusu Khalifa Umar bin Abdul-Aziz. Imekuwaje mtu aliyetawala miaka miwili na miezi kadhaa tu atajwe kwa karne 13 kila panapozungumzwa kuondoa umaskini? Huwajibu kwamba hakuanza na maskini. Alianza na nafsi yake na ofisi yake.

Umar hakukulia katika dhiki. Babu yake Marwan na ami yake Abdul-Malik walikuwa makhalifa wa Banu Umayya. Mama yake alikuwa mjukuu wa Umar bin Al-Khattab. Ujanani alisifika kwa mavazi ya thamani na manukato. Alipofanywa gavana wa Madina, aliwakusanya mafakihi 10 wa mji ule wamshauri na wamfikishie habari za dhulma za maafisa wake. Kile nacho kilikuwa kikao, lakini cha kumbana mtawala, si cha kumpamba.

Mwaka 99 Hijria (717) akashika ukhalifa. Aliletewa msafara wa wanyama wa fahari akaukataa, akapanda mnyama wake mwenyewe, na wale akaamuru wauzwe, fedha ziingie Baitul-mal. Mashamba aliyorithi, na mali ambazo jamaa zake walizitwaa bila haki, akazirudisha. Mkewe Fatma, binti wa khalifa na dada wa makhalifa, naye akatoa vito vyake. Ukoo ulinuna, yeye hakujali.

Gavana wake wa Madina, Abu Bakr bin Hazm, alimwandikia akiomba fungu la mishumaa na karatasi kama walilopewa waliomtangulia. Umar akamkumbusha kwamba kabla ya cheo alikuwa akitoka usiku gizani bila taa. Kuhusu karatasi, akamwagiza achonge kalamu iwe nyembamba na abananishe mistari. Ndugu msomaji, huyu ni mkuu wa dola iliyotoka Hispania hadi Sindh, na anabana matumizi ya karatasi!

Fedha zilizookolewa zilikwenda wapi? Zilipobaki Iraq, aliagiza watu walipwe stahiki zao. Zikabaki, akaagiza wenye madeni walipiwe. Zikabaki, wasio na mahari waozeshwe. Zikabaki tena, wakulima walioshindwa kulima wakopeshwe. Akakataza waliosilimu kutozwa jizya, japokuwa magavana walilalamika kuwa mapato yatashuka. Yahya bin Said, aliyemtuma Afrika ya Kaskazini kukusanya Zaka, alisimulia kwamba hakumpata maskini wa kumpa, akanunua watumwa na kuwaacha huru.

Sasa tuutazame ulimwengu wetu. Mwaka 1996 wakuu wa dunia walikutana Roma, wakaahidi kwamba idadi ya wenye njaa, iliyokadiriwa kuwa takriban milioni 800, itapungua kwa nusu ifikapo 2015. Ulipofika mwaka huo, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilihesabu takriban milioni 795. Katikati ya safari hiyo, Julai 2008, viongozi wa mataifa 8 tajiri walikutana Toyako, Japani, kujadili kupanda kwa bei ya chakula. Jioni wakaandaliwa karamu ya vyakula vya aina zaidi ya 10.

Kukutana si kosa. Umar naye alishauriana. Kosa ni pale ukumbi, posho na mlo vinapokula fungu la yule anayejadiliwa. Wala tusiwanyooshee vidole wakubwa peke yao. Nasi Waislamu tunazo futari za hotelini ambazo walioalikwa wote wana futari majumbani mwao, huku mjane wa mtaa wa pili akifuturu maji.

Umar alifariki mwaka 101 Hijria (720), akiwa na umri wa takriban miaka 40. Yazid alipotawala, alitaka kumrudishia dada yake Fatma vile vito. Mama yule alikataa.

Basi utakapoalikwa kwenye kongamano lijalo la umaskini, liwe la serikali, la wafadhili au la msikiti wako, omba uoneshwe hesabu mbili: kiasi kilichotumika ukumbini, na kiasi kilichomfikia maskini. Ikiwa ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili, haki yako ni kuhoji, na haki ya maskini ni kurudishiwa.

Wabillahi Tawfiq.