Alice Salomon: Mwasisi wa Elimu ya Ustawi wa Jamii

Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Alice Salomon alicheza kwao, akafukuzwa. Alizaliwa Berlin mwaka wa 1872 katika familia ya Kiyahudi, enzi ambayo wanawake walikuwa hawajafunguliwa milango ya vyuo vikuu. Hata hivyo, alipokewa chuoni kama mwanafunzi mgeni, na mwaka wa 1906 akatunukiwa shahada ya uzamifu kwa tasnifu iliyochunguza sababu za wanawake kulipwa ujira mdogo kuliko wanaume.

Salomon alishikilia kuwa huruma pekee haitoshi. Anayewahudumia maskini sharti aisomee kazi hiyo. Ndipo mwaka wa 1908 alipoasisi shule ya wanawake ya ustawi wa jamii mjini Berlin. Aidha, mwaka wa 1929 alikuwa rais wa kwanza wa kamati ya kimataifa ya shule za aina hiyo.

Wanazi walipotwaa mamlaka mwaka wa 1933, alipokonywa nyadhifa zake. Mwaka wa 1937 polisi wa siri wakamlazimisha kuihama nchi. Alifia New York mwaka wa 1948. Mswada wa tawasifu aliyoiandika uhamishoni haukupata mchapishaji akiwa hai. Ulitoka kwa Kijerumani mwaka wa 1983.

Leo chuo kilichotokana na shule yake kina jina lake, na Berlin ina hifadhi ya nyaraka inayotunza kumbukumbu za kazi yake. Kwa mtafiti wa tawasifu, maisha haya yanabainisha kuwa sauti ya mwandishi hutegemea pia mkono unaoihifadhi.